Pua Kavu na Sauti Zetu



Sisi mnaotuona hapa mbele ni wanakwaya ambao siku za kazi tunavaa sare ya uuguzi. Kamati ya jubilei ilitupa dakika kumi tuzungumze juu ya afya ya mwimbaji, nasi tumechagua pua. Mnacheka, lakini kila Januari kwaya hii hupungua. Mahindi yamevunwa, mashamba ya Uasin Gishu yako wazi, upepo unainua vumbi, na viti vya sauti ya kwanza vinabaki vitupu. Mama mmoja alirudisha joho lake akiamini sauti imezeeka. Tulipomuuliza zaidi, shida ilikuwa pua iliyokauka, yenye maganda na damu kidogo, na maumivu juu ya mashavu.

Ndani ya mifupa ya uso, kwenye paji na nyuma ya mashavu, mna vyumba vidogo vya hewa. Ndizo sainasi. Utando wake hutoa kamasi jepesi, na vinyweleo visivyoonekana kwa macho hulisukuma nje pamoja na vumbi. Hewa ikiwa kavu, kamasi hugeuka gundi, njia zinaziba, kichwa kinauma. Na sisi tunaishi takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na ya kiangazi haina unyevu. Mgeni wa kutoka Mombasa huitambua kwa midomo yake. Mwimbaji naye huvuta pumzi nyingi kwa kinywa, hivyo koo pia linakauka.

Pua kavu inataka unyevu, na njia tunayoipenda kuliko zote ni maji ya chumvi. Maji robo lita, chumvi nusu kijiko cha chai, basi. Lakini maji hayo lazima yachemshwe kwanza, kisha yapoe hadi uvuguvugu. Maji ukiyanywa, tumbo lina asidi ya kuua vijidudu vingi. Pua haina kinga hiyo. Mwaka 2011, huko Louisiana, Marekani, watu wawili walifariki baada ya kuosha pua kwa maji ya mfereji yaliyokuwa na amiba inayopanda hadi kwenye ubongo. Ni jambo la nadra sana, na sufuria inalizuia. Hapa kwetu maji hutokota yakiwa karibu nyuzi 93, si 100 kama pwani. Ndiyo maana wanaoishi juu ya mita 2,000 hushauriwa kuyaacha yatokote dakika tatu nzima, wakati wa mabondeni dakika moja inawatosha. Dakika tatu ni wimbo wa beti tatu, kwa mwendo wa mwalimu wetu, si wa vijana.

Inama juu ya beseni, geuza kichwa upande, pumua kwa kinywa, kisha mimina polepole katika tundu la juu kwa sirinji safi isiyo na sindano. Maji yatatokea tundu la chini. Usipenge kwa nguvu. Chumvi yetu ya jikoni imeongezwa iodini na huwawasha wengine. Hao wanunue maji ya chumvi yaliyo tayari kwenye duka la dawa.

Kujifukiza tunajua mnakupenda, hasa tangu 2020. Mvuke huleta nafuu ya muda, na majani ya mkaratusi yananukia vizuri, hatukatai. Kinachotutia hofu ni karai la maji moto chini ya blanketi pamoja na mtoto. Tumewauguza watoto walioungua mapaja na tumbo kwa njia hiyo. Tafadhali, mtoto asifukizwe. Wala msiingize jiko la makaa chumbani usiku: hewa inazidi kukauka, na ile sumu isiyo na harufu huua watu wakiwa wamelala. Kitambaa chenye maji kikitundikwa chumbani kinatosha.

Matone ya kuzibua pua yasizidi siku tatu mfululizo, la sivyo pua huziba zaidi kila unapoyaacha. Kuna miongoni mwetu wanaobeba chupa hiyo mfukoni mwaka mzima. Tunawajua, hatutawataja.

Pua ikitoka damu, keti, inama mbele, bana sehemu laini ya pua dakika kumi bila kuachia. Kuinua kichwa juu, kama tulivyofundishwa utotoni, hupeleka damu tumboni.

Lakini jicho likivimba, macho yakiona maruirui, au homa kali ikija na shingo kukakamaa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na shida iliyopita siku kumi, au iliyopoa kisha ikarudi kwa nguvu, ionwe na daktari.

Kuhusu kanisa letu: tunaomba wanaofagia Jumamosi wanyunyize maji kwanza, na majoho yakung'utwe nje kabla ya mazoezi. Yule mama sasa ameketi safu ya pili. Mtamsikia leo kwenye wimbo wa mwisho. Baada ya ibada tutakuwa chini ya hema la chai tukiwa na sirinji na chumvi, na maji tuliyoyachemsha asubuhi. Njoni tuwaonyeshe.