TUUTUNZE MTO KIZINGA
(Maneno ya Katibu wa Tawi kwenye mkutano wa wanaushirika)



Wengi wetu hapa tumejifunza kusoma ukubwani, kwenye kisomo cha jioni. Tuliambiwa kwamba kusoma si kuandika jina tu, ni kupambana na maradhi na njaa. Basi leo tuzungumze habari za mto wetu.

Mto Kizinga unateremka kutoka upande wa Kisarawe, unapita Mbagala, unaingia baharini Mtoni penye mikoko. Pale Mtoni ulijengwa mtambo wa maji ya kunywa unaochota mto huu huu, kabla hata ya mitambo ya Ruvu Juu (1959) na Ruvu Chini (1976). Kwa hiyo mto huu si jalala. Ni kisima cha watu wengi.

Oktoba 2022 Mto Ruvu ulipungua, jiji likaingia kwenye mgao wa maji. Sisi tukashuka Kizinga na ndoo zetu. Tulikuta nini? Maji ya kifundoni, yananuka, pampasi na chupa zimenasa kwenye mizizi.

Tusitafute mchawi, ndugu. Kikulacho ki nguoni mwako. Matuta ya mchicha tumeyafikisha mpaka ukingoni. Vijana wanaochimba mchanga usiku ni watoto wetu. Takataka ni zetu. Na sisi viongozi tumo: matuta ya ushirika yenyewe yako hatua kumi tu kutoka kwenye maji, wakati Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60.

Ukingo ukilimwa na kuchimbwa, udongo unaporomoka, mto unajaa mchanga, maji ya mvua yanakosa njia yanaingia majumbani. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 hapa Dar es Salaam, na waliokaa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Mwaka 2015 kikaja kipindupindu, mpaka sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba zikasimamishwa, watu wote wakaambiwa washike mafagio.

Tazameni na wenzetu wa Ziwa Victoria. Gugu maji, mmea uliotoka Amerika ya Kusini, lilifunika mialo, mitumbwi ikashindwa kutoka. Wavuvi walilitoa kwa mikono, wataalamu wakaleta mbawakawa wa kulila, likapungua. Lakini linarudi, kwa sababu linashiba uchafu na mbolea zinazotiririka kutoka nchi kavu. Fundisho ni hili: ukitaka kutibu maji, anza na ukingo.

Kwa hiyo tunapendekeza hivi:

Kwanza, matuta ya ushirika ndiyo yang'olewe mwanzo, kabla ya ya mtu yeyote. Kiongozi asiseme "nendeni", aseme "twendeni".

Pili, akina mama wenye matuta ukingoni wapewe sehemu kwenye shamba la ushirika la juu. Tunajua mchicha ule ndio unga na ndio madaftari ya watoto. Hatuwezi kumwambia mama aondoke halafu tukamwacha hivi hivi.

Tatu, palipoachwa wazi tupande mianzi na mikuyu, tuyaache matete yaote. Mchanga usichimbwe tena.

Nne, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi ya taifa, sisi tushuke mtoni.

Wako watakaouliza, "Posho iko wapi?" Posho hakuna. Mwaka 1973, kwenye kampeni ya Mtu ni Afya, wazazi wetu walikaa vikundi vikundi kusikiliza redio, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Hawakulipwa. Malipo yao ni kwamba sisi tulipona, tukakua. Na asiyekuja hatutamtoza faini. Kazi ya kusukumana haidumu. Ila jirani yake atamwuliza, na hilo linatosha.

Jumamosi hiyo tukutane saa 1 asubuhi ofisini kwa ushirika. Mwenye jembe aje na jembe, mwenye panga aje na panga, asiye na kitu aje na mikono yake. Anayejua kusoma amsomee asiyejua tangazo hili.

Maji ni uhai.

Katibu wa Tawi