Nguzo za Dungu: Kuchagua Mti, Kuutayarisha na Kuupanda

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa kusema juu ya jambo litakalotufaa sote, wazee na vijana. Nimechagua kusema juu ya dungu, na hasa juu ya miti inayolisimamisha. Najua wapo watakaocheka. Watasema mtu amesafiri kutwa kuja kutueleza habari ya kibanda cha kuamia ndege! Lakini katika ajenda yetu ya leo liko ombi la shule kwamba Chama kisaidie kujenga madungu 6 katika shamba la mpunga, na wenzetu wengine wamependekeza tununue mabomba ya chuma tumalize kazi. Kabla hatujatoa fedha, tulitazame jambo lenyewe.

Kwanza tumjue adui. Kwelea kwelea ni ndege mdogo, uzito wake hauzidi gramu 20 au hivi. Kwa siku moja hula kiasi cha gramu 10 za nafaka. Mtu akisikia gramu 10 huona si kitu. Vijana wa Kidato cha Kwanza na wapige hesabu: kundi la ndege milioni moja, kwa gramu 10 kila mmoja, ni kilo 10,000, yaani tani 10 kwa siku moja. Na makundi ya milioni moja na zaidi si hadithi. Waliosema haba na haba hujaza kibaba wangeweza pia kusema haba na haba humaliza ghala.

Ndege huyu hupenda nafaka ndogo: mtama, uwele, ulezi, ngano na mpunga. Mahindi humshinda kwa ukubwa wa punje. Huanza kushambulia mpunga ungali na maziwa, akaendelea mpaka unapokauka. Kipindi hicho ni kama wiki 3 au 4. Katika siku, hushuka kwa nguvu mara mbili: asubuhi tangu jua linapochomoza hadi kama saa 4, na tena alasiri hadi jua kuchwa. Makundi makubwa sana hunyunyiziwa dawa kwa ndege za Serikali na za Shirika la Kudhibiti Nzige wa Jangwani, lililoundwa mwaka 1962. Lakini dawa hiyo huua na ndege wasio na hatia, tena ndege ya kunyunyizia haiji kwa kundi la elfu chache lililotua katika ekari zetu. Hapo ndipo kazi ya dungu inapoanza.

Wakulima wa Uingereza husumbuliwa na njiwa, nao huchomeka miti myepesi pembezoni mwa shamba, wakatundika wavu, wakajificha nyuma yake na bunduki. Mti wa namna hiyo haubebi mtu. Hubeba wavu tu. Dungu letu ni kinyume chake. Sisi hatujifichi. Twataka ndege atuone, asikie makopo yakigongwa na kombeo likivuma. Basi mti wetu hubeba watu, na watu hao ni watoto. Hilo ndilo neno ninaloomba mlishike leo: anayepanda dungu ni mtoto. Mti ukivunjika, anayeanguka si mzee aliyeukata.

Sasa, mti gani? Kuna mambo manne ya kutazama.

La kwanza ni unene. Vijana mnaosoma hesabu mwajua kwamba nguvu ya mti wa duara kustahimili kupinda hufuata kipenyo chake kikizidishwa mara tatu kwa chenyewe. Mti wa sentimita 10 si mnene sana kuliko wa sentimita 8, jicho huona ni sawasawa tu. Lakini nguvu yake ni karibu mara 2. Kwa hiyo tusikubali nguzo iliyo chini ya sentimita 10 katika ncha yake nyembamba, hata muuzaji akitupunguzia bei. Na urefu nao una hesabu yake: nguzo ikirefushwa mara 2, uzito inayoweza kubeba kabla ya kupinda hushuka hadi robo. Dungu la mita 2 juu ya ardhi latosha kabisa kwa mpunga. Anayejenga la mita 4 ajitafutia sifa, hatafuti mavuno.

La pili ni unyofu. Shika mti, uelekeze jichoni kama mtu anayelenga, utazame toka shina hadi ncha. Mti uliopinda kidogo, ukibebeshwa mzigo, huendelea kupinda upande ule ule. Tena tazama gome: kama mistari yake inazunguka mti kama kamba iliyosokotwa, nyuzi za ndani nazo zimezunguka. Mti huo ukikauka hujisokota na kupasuka. Uache.

La tatu ni panda. Wazee wetu walichagua nguzo yenye panda juu ili boriti ilale humo, nao walikuwa na akili. Ukitoboa au kuchonga nguzo ili kupitisha boriti, umekata nyuzi pale pale mzigo unapokaa. Panda ya asili haikukata kitu. Lakini panda si zote sawa. Ile iliyobana, ambayo gome limezama katikati ya matawi mawili, hupasuka kwa urahisi. Chagua panda iliyoachana vizuri kama bakuli, matawi yake mawili yakilingana unene.

La nne ni uzima. Gonga mti kwa kisu cha shamba. Mzima hulia kwa sauti kali. Uliooza ndani hulia kama boga. Ukiona matundu madogo yakitoka unga, bungo au dumuzi wamekwisha ingia.

Nikisema juu ya aina, sitasema kuna mti mmoja ulio mfalme. Mkaratusi hukua upesi na hunyooka, lakini ukichimbiwa bila dawa mchwa huufurahia, tena hupasuka ukikauka kwa haraka. Mtiki unasifiwa kwa kuwashinda mchwa, na sifa hiyo ni ya kweli, ila ni sifa ya moyo wake wa kahawia. Mtiki mchanga wa kupunguzia shamba una moyo mdogo na nyama nyeupe nyingi, na nyama hiyo huliwa kama mti mwingine wowote. Mjohoro hukua vizuri katika nchi yetu na ukikatwa huchipua tena katika kisiki chake. Mianzi hufaa kwa sakafu, si kwa nguzo. Na ikatwe ikiwa imekomaa, miaka 3 na zaidi, kisha ilowekwe majini wiki kadhaa ili ule utamu unaowaita wadudu utoke.

Mti ukishapatikana kazi haijaisha. Mara nyingi huu ndio mlango wa hasara: mti hukatwa asubuhi, jioni umechimbiwa mbichi na gome lake. Utaratibu ni huu. Menya gome siku ile ile, maana wadudu hupenda kuishi chini yake. Panga miti kivulini juu ya vigogo, isiguse ardhi, upepo upite katikati. Iache wiki 6 hadi 8. Jua kali huipasua. Kichwa cha nguzo kikatwe kwa mshazari ili maji ya mvua yasitue.

Wapo wanaochoma ncha ya chini motoni. Si vibaya, lakini msiitegemee sana, kwa kuwa makaa huwa ngozi nyembamba tu na mti ukipasuka mchwa hupita. Wapo wanaopaka oili chafu ya magari. Hilo tusilifanye katika majaruba, maana oili ile huingia katika maji ya mpunga tunaokula. Ni afadhali kununua nguzo iliyotiwa dawa kiwandani kwa shinikizo, kama zile za umeme. Lakini vipande vyake visiwe kuni kamwe, kwa sababu moshi na majivu yake ni sumu.

Mjue pia mahali nguzo inapooza. Haiozi kule chini kabisa, wala juu. Huoza pale usawa wa ardhi, ambapo maji na hewa hukutana. Ndipo pa kukagua kila mwaka kabla ya msimu: fukua kidogo, chomeka ncha ya kisu. Kikizama kama katika ndizi mbivu, nguzo hiyo itolewe siku hiyo hiyo, asipande mtu.

Kwa dungu moja twahitaji nguzo 4. Kila moja iwe na mita 2 na sentimita 70 chini ya panda: mita 2 juu na sentimita 70 ardhini, na udongo ushindiliwe kidogo kidogo pamoja na mawe. Twahitaji boriti 2 za kulala katika panda, mapau ya sakafu, na miti ya mshazari ya kufunga nguzo kwa nguzo. Miti hii ya mshazari ndiyo inayosahauliwa. Mtoto akirusha kombeo dungu zima huyumba, na bila mshazari kila fundo hulegea. Kamba iwe ya katani, isiwe gome lililochunwa katika mti mzima wa porini, kwani mti uliochunwa kuuzunguka hufa.

Sasa narudi kwenye ombi. Madungu 6 ni nguzo 24 na boriti 12. Chuma hakiliwi na mchwa, nakubali. Lakini bomba lililosimama peke yake shambani usiku mmoja huweza kuwa chuma chakavu mezani kwa mnunuzi, na likiondoka twaanza upya. Na tukisema vijana waingie msituni na shoka kila msimu, tutakuwa tunawafundisha kuvunja Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, maana mti wa msitu wa hifadhi haukatwi bila kibali.

Mimi napendekeza hivi. Mwaka huu Chama kinunue miti 36 yenye kibali. Mvua zijazo shule itenge robo hekta, yaani mita 50 kwa 50, kando ya shamba na mbali na chemchemi. Kwa nafasi ya mita 2 kwa 2, hapo huingia miche 625 ya mijohoro na mitiki. Hata nusu ikifa au ikapinda, miti 300 itabaki, nasi kwa mwaka hatutahitaji zaidi ya kumi na kitu. Baada ya miaka 5 au 6 shule haitamwomba mtu nguzo. Itakayosalia itaezekea mabanda na kuuzwa.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, hakusema shule iwe na shamba ili wanafunzi wachoke. Alitaka shamba liwe darasa. Hesabu ya kipenyo, maisha ya mchwa, sheria ya misitu, yote yamo katika dungu moja.

Neno la mwisho kwa walimu. Kuamia kuwe kwa zamu, asubuhi kundi moja, jioni jingine, na kila kundi lirudishiwe vipindi lilivyokosa. Huko vijijini wapo watoto wanaokaa dunguni mwezi mzima huku wenzao wanasoma. Shule yetu isiwe mfano wa jambo hilo. Nguzo imara itamlinda mtoto asianguke. Zamu ya haki itamlinda asibaki nyuma.

Ndugu Mwenyekiti, naomba pendekezo lipigiwe kura.