Nani Aone Nini? Udhibiti wa Ripoti Nyeti za Afya Mtandaoni katika Delta ya Rufiji



1. Utangulizi

Tangu miaka ya 1990 vituo vyetu vinaandika huduma katika rejesta za MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya. Rejesta ilikaa kabatini, ufunguo mfukoni mwa mganga mfawidhi. Aliyetaka kuisoma sharti apande boti hadi kituoni, tuseme Mbwera humu deltani. Leo majumuisho ya kila mwezi yanaingia DHIS2, mfumo wa takwimu wa mtandaoni uliobuniwa Chuo Kikuu cha Oslo, na mwenye nywila anayasoma popote alipo.

2. Tatizo: idadi ndogo ni jina

Husemwa kuwa majumuisho hayana majina, hivyo hayana siri. Kwa mkoa mzima ni kweli. Kwa kijiji cha delta sivyo. Ripoti ikionyesha msichana 1 wa miaka 15–19 amekutwa na VVU mwezi uliopita, waliomwona akishuka boti kwenda kliniki watamalizia hesabu wenyewe. Siri hiyo ikitoka hairudi, na wenzake watakaosikia wataogopa kupima.

3. Kufuli tatu za mfumo

DHIS2 humdhibiti mtumiaji kwa jukumu (kuingiza, kusoma au kufuta), kwa eneo (kituo, halmashauri au mkoa), na kwa kundi linaloruhusiwa kuona kila ripoti. Kufuli moja haitoshi. Ofisa wa chanjo mwenye ruhusa ya kusoma mkoa mzima, ikiwa ripoti ya VVU imeachwa wazi kwa watumiaji wote, ataisoma hadi ya kituo cha Mbwera bila kuvunja chochote.

4. Sheria

Sheria ya UKIMWI ya 2008 inalinda siri ya majibu ya kipimo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti.

5. Mapendekezo

(a) Kila mtumishi awe na akaunti yake. Nywila ikitumiwa na watu wanne, mfumo hauwezi kueleza nani alifungua nini.

(b) Anayehama akabidhi akaunti kama anavyokabidhi funguo na mhuri, nayo ifungwe siku hiyohiyo.

(c) Katika ripoti za VVU na ukatili wa kijinsia zinazotoka nje ya halmashauri, idadi iliyo chini ya 5 ifichwe, au vituo vijumlishwe.

(d) Orodha ya watumiaji ipitiwe kila robo mwaka.

(e) Mganga mfawidhi asinyimwe ripoti za kituo chake. Maji yanapopanda kama katika mafuriko ya Aprili 2024, yeye ndiye wa kwanza kuhitaji kuona kuhara kunaongezeka wapi.

6. Hitimisho

Mgonjwa wa Mbwera alimweleza siri yake mhudumu mmoja, mlango ukiwa umefungwa. Kila tunayemfungulia ripoti yenye siri hiyo tunamwingiza katika chumba kile. Kabla ya kumpa nywila, tujiulize: mgonjwa angekubali mtu huyu aketi hapo?