Miwa yetu na udongo uliochoka
(Mazungumzo mbele ya wanachama, Wamaza)

Wandugu wanachama, na ninyi wafadhili muliokuja kutusikiliza,

Kabla ya kura ya leo juu ya shamba la pamoja, tuzungumze kidogo kuhusu udongo. Munajua wenyewe: miwa ndiyo inaweka franga katika kesi ya matibabu. Hatukuja kuwaambia muiache. Lakini wengi wenu mumetuonyesha kipande cha chini, karibu na kijito. Miwa ilikuwa minene pale, sasa imekuwa kama fimbo. Wengine wanasema ni ugonjwa. Sisi tunaona ni udongo umechoka.

Juu ya nini? Mpunga munavuna, msimu mwingine munabadilisha. Muwa unakatwa, shina linabaki, linachipuka tena pale pale, miaka mitatu, mine, mitano. Mizizi inakula sahani ile ile. Kila tani 1 ya miwa inayoenda sokoni inaondoka na karibu kilo 1 ya azoti, na potasi kuzidi hiyo. Mama anayebeba mzigo wa miwa kichwani amebeba na shamba kidogo. Nani anarudisha?

Halafu moto. Tunachoma majani ili kukata kuwe rahisi na nyoka wakimbie, tunaelewa. Lakini azoti ya majani yale karibu yote inaenda na moshi. Potasi inabaki katika jivu, na mvua za huku, munazijua, zinaishusha mpaka Luama. Mboji inapungua, udongo unakuwa mgumu, maji yanapita juu tu.

Hata wakubwa wanapata taabu. Kule Arusha Chini, karibu na Moshi, Tanzania, kampuni ya TPC inalima miwa kwa kumwagilia tangu miaka ya 1930, na chumvi imesumbua sehemu za mashamba yao. Lakini wao wana mitaro na mashini. Sisi chumvi haituhusu, mvua inatosha. Yetu ni njaa ya udongo, na tuna jembe.

Tunapendekeza kipande cha chini king'olewe mashina, msimu mmoja kipandwe karanga au kunde, zinazovuta azoti ya hewa. Majani yake yabaki shambani, yasiende kwa mbuzi! Vipande vya juu vibaki na miwa, bila moto, majani yalazwe katikati ya mistari. Kukata kutakuwa polepole, tusifichane.

Na kesi itapungukiwa. Wamama wanaojifungua hawawezi kungoja karanga. Ndiyo maana hatuwaombi wafadhili miwa mingine ya kupanda. Tunaomba mbegu za karanga, na kitu cha kuziba tundu la kesi mpaka muwa mpya ukomae, miezi 12 hadi 18.

Wenye kuona tofauti waseme leo, hasa wakataji. Wao ndio wanachanwa na majani yale.