Dalili za Kuharibika kwa Transfa ya Gari
(Mazungumzo na maofisa usafiri na madereva)



Njia za udongo za Unguja na Pemba, hasa nyakati za masika, huhitaji gari lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne. Katika magari mengi ya aina hiyo, nyuma ya giaboksi kuna kisanduku kingine cha gia ambacho mafundi hukiita transfa. Kazi yake ni kuigawa nguvu ya injini baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma.

Wahenga wamesema dalili ya mvua ni mawingu. Dalili za transfa ni hizi.

Kwanza, mlio wa kuvuma chini ya sakafu, unaopanda kadiri mwendo unavyozidi. Aghlabu ni beringi zilizolika. Pili, matone ya oili ardhini, usawa wa katikati ya gari. Transfa nyingi zina oili yake mbali, hivyo kupima oili ya injini hakutoshi. Oili hiyo ikionekana nyeupe mithili ya maziwa, maji yameingia. Tatu, mkono wa transfa kukataa kuingia, au kuingia kwa kusaga. Nne, vishindo gari linapovuta mzigo mlimani. Tano, na hii ndiyo yenye khatari zaidi, mkono huo kuchomoka wenyewe ukabaki huru.

Tufahamu maana yake. Gari likiwa linateremka na transfa ikawa huru, injini haina tena uhusiano na magurudumu. Hata dereva akiingiza gia namba moja, injini haitolizuia gari. Tegemeo lililobaki ni breki pekee. Kadhalika, gari lililoegeshwa mlimani kwa kutegemea gia laweza kuondoka lenyewe.

Sababu nyingi zimo mikononi mwetu. Ya kwanza ni kuchelewa kubadili oili. Ya pili ni kufunga mipira ya ukubwa tofauti mbele na nyuma. Ya tatu ni kuendesha kwa magurudumu manne juu ya lami kavu gari lisilo na difu ya kati. Penye kona, magurudumu ya mbele hwenda masafa marefu kuliko ya nyuma. Yakifungwa pamoja hushindana, na mzigo wa mashindano hayo huiangukia transfa.

Basi dereva anapoandika katika daftari la gari kuwa amesikia mlio, asijibiwe, "Si linatembea?" Gari lisimamishwe, fundi alikague kabla ya safari nyengine. Kubadili sili na oili ni gharama ndogo, kununua transfa nzima ni gharama kubwa, na roho ya mtu haina spea.