Mvua za Siku Hizi na Kazi ya Mkulima
Hotuba kwa wakulima wa Ukambani

Leo napenda kuzungumza nanyi juu ya mvua.

Katika nchi ya Machakos, Makueni na Kitui mvua huja mara mbili kwa mwaka: masika, kuanzia Machi hata Mei, na vuli, kuanzia Oktoba hata Desemba. Mahali pengi vuli ndiyo tegemeo kubwa. Lakini siku hizi majira hayaaminiki. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa 2022 mvua zilipungua misimu mitano mfululizo. Mimea ikakauka, na mifugo mingi ikafa. Kisha, mwisho wa mwaka 2023, zikaja mvua kubwa za El Nino zenye mafuriko. Basi mvua haba ni hasara, na mvua nyingi isiyozuiwa ni hasara pia.

Fikirini hesabu hii. Mvua ya milimita 20 ikinyesha juu ya eka moja, huleta maji lita 80,000 hivi. Je, maji hayo huingia ardhini, ama hukimbilia bondeni pamoja na udongo wenye rutuba? Mwenye shamba la mteremko lisilo na matuta hunyeshewa, lakini hanufaiki.

Kwa hiyo yatupasa kufanya mambo matatu. Kwanza, chimbeni matuta ya fanya juu: mtaro huchimbwa kukingama mteremko, na udongo wake hutupwa upande wa juu. Kazi hiyo ni nzito kwa mtu mmoja, lakini wenzi wa mwethya huimaliza upesi. Pili, msitegemee mahindi peke yake. Pandeni pia mtama, kunde, ndengu na mbaazi. Na katika mahindi chagueni mbegu ikomaayo upesi, kama ile ya Katumani. Tatu, wekeni akiba ya mbegu. Kupanda mapema ni vema, kwa kuwa mvua ni ya siku chache. Lakini mara nyingine mbegu huota, kisha mvua hukatika, na jua huiunguza miche. Aliyepanda mbegu yake yote siku hiyo hana la kufanya mvua irudipo, ila kukopa au kwenda kutafuta kibarua. Wahenga walisema, akiba haiozi.

Ndugu zangu, mvua hatuiamuru. Lakini matuta na mbegu vi mikononi mwetu, na kiangazi ndicho wakati wa kuvitengeneza.