MAZUNGUMZO: DHAHABU, ZEBAKI NA AFYA YA MCHIMBAJI



Bi harusi anapovishwa kidani, ni nadra mtu kuuliza dhahabu ile ilichenjuliwa vipi. Sehemu kubwa ya dhahabu ya Tanzania hutoka ukanda wa Ziwa Viktoria, ikiwemo mikoa ya Geita na Shinyanga. Migodi mikubwa ipo huko, mathalan Geita ulioanza kuzalisha mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka 2001. Mazungumzo haya, hata hivyo, yanamhusu mchimbaji mdogo.

Zamani mchimbaji huyo alitwanga mawe kwa mikono. Leo mashine ya kusagia humaliza kwa saa chache kazi ya siku nyingi, na pampu hukausha maji ya duara. Kwa njia hiyo wako waliosomesha wadogo zao na kuezeka nyumba kwa mabati. Manufaa hayo hayafai kubezwa.

Lakini mashine hutimua vumbi jembamba ambalo, likivutwa miaka mingi, huharibu mapafu. Unga uliosagwa nao huchanganywa na zebaki ndani ya karai, mara nyingi kwa mikono mitupu. Zebaki hushikamana na chembe za dhahabu zikawa donge; donge huchomwa, zebaki ikaruka kwa mvuke, dhahabu ikabaki. Mvuke huo hauna rangi wala harufu, hivyo anayeuvuta hana habari. Mikono kutetemeka, usahaulifu na maradhi ya figo huja baadaye, na mama mjamzito humfikishia sumu hiyo mwanawe tumboni. Zebaki inayoingia majini hugeuka sumu kali zaidi ndani ya tope, kisha huhamia katika samaki.

Watu wa Minamata, nchini Japani, walipatwa na msiba huo kutokana na taka za kiwanda. Maradhi yao yalitambuliwa rasmi mwaka 1956. Mkataba wa kimataifa wenye jina la mji huo ulipitishwa mwaka 2013, na Tanzania ikauridhia mwaka 2020.

Kipo chombo cha chuma chenye kifuniko na bomba, ambacho huunasa mvuke na kuurejesha kuwa zebaki ya kutumika tena. Ajabu ni kwamba wengi hukikwepa, kwa kuwa chombo kikifungwa mwenye mali haioni dhahabu yake ikigeuka rangi, naye huhofu kuibiwa. Hofu hiyo inaeleweka. Ila kuchomea donge mbali na jiko la nyumbani, na kuwaondoa watoto mwaloni wakati wa kuchoma, hakugharimu hata senti moja.